Ufunguo wa Sanduku la Maoni: Barua ya Wazi kwa Waajiri na Maofisa Rasilimali Watu

Kwenu waajiri, wakurugenzi, wakuu wa idara na maofisa rasilimali watu wa Tanzania,

Ninaandika nikiwa mfanyakazi wa dawati la madai katika kampuni ya bima hapa Dar es Salaam. Si msomi wa utawala, wala si kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na hakuna aliyenituma. Nimeona tu kwamba haya tunayoyasema kwenye korido na ndani ya daladala yamekaa huko muda mrefu mno, na nyinyi mnaopaswa kuyasikia hampandi daladala.

YAH: UBUNIFU MNAOUDAI KWENYE TANGAZO NA KUUZUIA KWENYE DAWATI

Soma tangazo lolote la kazi. Mwombaji awe na shahada, awe na uzoefu, aweze kufanya kazi kwa shinikizo na bila kusimamiwa, halafu, bila kukosa, awe mbunifu. Kwenye usaili tunaulizwa tutaleta jambo gani jipya. Tunajibu kadiri tulivyojiandaa, tunapeana mikono, tunaanza kazi. Kipindi cha majaribio hakijaisha, anayeitwa kwanza ofisini kuonywa ni yule aliyeliamini tangazo.

Ninaposema ubunifu simaanishi kuchora wala kutunga mashairi, ingawa wapo wenzetu wanaoyaweza hayo. Nazungumzia uwezo wa mtu kulitazama jambo lilivyo na kuona linavyoweza kuwa. Fundi anasikiliza mlio wa mashine na kujua kitakachokatika wiki ijayo. Muuguzi anaipanga foleni ya kliniki kichwani kabla akina mama hawajafika. Karani anaisoma fomu kwa macho ya mtu ambaye hajawahi kujaza fomu maishani. Hiyo ni sehemu ya kazi, na mara nyingi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Hakuna anayezaliwa nayo imekamilika: hukua kwa kutumiwa, hufifia kwa kuzuiwa. Malalamiko yangu ni kwamba mnailipia, kisha mnaizuia, kisha mnashangaa kwa nini wafanyakazi wenu wamechoka.

1. Sanduku la maoni halina mwenyewe.

Karibu kila ofisi ya nchi hii ina sanduku la maoni ukutani, la mbao au la bati, lenye kufuli dogo. Katika ofisi niliyofanya kazi kabla ya hii niliuliza ufunguo uko kwa nani. Mapokezi wakasema uko utawala. Utawala wakasema alikuwa nao bwana mmoja aliyehamishiwa Kanda ya Ziwa. Kufuli lilikuja kukatwa siku mafundi walipokuja kupaka rangi ukuta, wala si kwa sababu kulikuwa na mtu aliyetaka kusoma maoni. Ndani mlikuwa na vocha za simu zilizokwisha kukwanguliwa, malalamiko kuhusu choo, na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Iliandikwa kwa mkono wa mama yetu wa chai, na tarehe yake ilikuwa ya zaidi ya miaka miwili nyuma.

Benchi la wateja lilikuwa mbele ya jiko la mama huyu. Aliwaona wajane waliokuja kufuatilia mafao ya bima ya maisha. Mjane anafika leo, anaambiwa alete cheti cha kifo. Anarudi nacho, anaambiwa bado muhtasari wa kikao cha ukoo. Anarudi na muhtasari, anaambiwa mahakama iwe kwanza imemthibitisha msimamizi wa mirathi. Kila safari ni nauli ya basi kutoka Newala au Kasulu, na usiku wa kulala kwa ndugu ambaye naye ana shida zake. Mama alikuwa anawapa chai, wanamsimulia. Akaandika kwamba iandaliwe karatasi moja, kwa Kiswahili cha kawaida, yenye orodha ya kila kitu kinachohitajika, mjane akabidhiwe siku ya kwanza, na mawakala wa mikoani wapewe nakala ili watu wasisafiri bure.

Someni tena pendekezo hilo kwa jicho la kazi. Kuna kuutambua mlolongo mzima wa dai tangu mwanzo hadi malipo. Kuna kujitia katika nafasi ya mteja. Kuna kukadiria gharama. Kuna suluhisho linalogharimu rimu chache za karatasi. Mshauri mwelekezi angelipwa vizuri kwa kazi hiyo. Pendekezo lake lilipoletwa kikaoni, watu walicheka, na mkubwa mmoja akasema kazi ya mama yule ni chai. Mpaka naondoka pale orodha hiyo ilikuwa haijaandaliwa.

Wajapani nao wana masanduku. Toyota ilianza mfumo wa mapendekezo ya wafanyakazi mwaka 1951, baada ya viongozi wake kuuona wa namna hiyo kwenye kiwanda cha Ford huko Marekani. Wengi wenu mmehudhuria mafunzo ya kaizen, ile mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi hatua kwa hatua, na mnazijua habari hizi kunizidi. Basi mnajua pia kwamba siri yake haikuwa sanduku. Pendekezo la mtu wa chini kabisa linasomwa, linajibiwa, likifaa linajaribiwa, na mwenyewe anapewa chochote hata kikiwa kidogo. Sisi tulichukua sanduku na kufuli, tukaacha jibu.

2. Swali la mdogo linachekwa kabla ya kupimwa.

Hapa naomba mnivumilie, maana mfano huu ni wetu na hatuutumii inavyostahili.

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuchanganya na sukari, kuacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa ndogo na wagombeaji wengi. Siku moja mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba aliona atakosa nafasi, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Mwenzake aliingiza ya kwake bila hata kuyachemsha. Walipokwenda kutazama, yale yaliyoingia ya moto yalikuwa yameganda na yale ya baridi yalikuwa bado uji.

Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Kijana hakuacha. Akiwa Tanga wakati wa likizo alikuta wauza aiskrimu nao wanaingiza mchanganyiko wa moto ili ugande upesi, watu ambao hawakuwa na sababu ya kumdanganya. Baadaye, akiwa Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu wa huko akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Tangu hapo darasa likapata utani wake: kila alipokosea hesabu, waliiita hesabu ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama na kuuliza swali lilelile. Wenzake waliona amewaaibisha. Osborne hakukubali papo hapo, na mimi nampenda kwa hilo. Hakujifanya anajua. Alisema atakwenda kupima. Aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli, maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, na akaahidi kuendelea kulirudia jaribio mpaka apate jibu sahihi.

Wakubwa zangu, fundi yule ninamfahamu. Yuko kwenye kila ofisi niliyopita. Ndiye anayerudia takwimu za robo mwaka mpaka zifanane na zile ambazo mkurugenzi alikwisha kuzitamka kwenye kikao. Si mvivu wala mjinga. Amefundishwa tu kwamba jibu lisilotarajiwa ni kosa lake.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la *Physics Education*. Mpemba wakati huo alikuwa Chuo cha Wanyamapori Mweka, karibu na Moshi. Leo wanafizikia duniani wanaliita jambo hilo kwa jina lake, na bado wanabishana kuhusu chanzo chake, wengine hata kama linatokea kweli. Kubishana ni haki yao. Kwangu mimi lililo muhimu ni dogo zaidi. Walimu wawili waliokuwa na madaraka juu ya kijana huyu walimjibu kwa cheo, na mtu wa tatu akamjibu kwa jaribio. Jaribio lenyewe lilihitaji chombo, maji, friza na mtu mmoja wa kutazama. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya kikao kimoja cha menejimenti chenye vitafunwa.

Katika idara zenu wamo akina Mpemba wangapi waliojifunza kunyamaza baada ya jina lao kugeuzwa utani?

3. Mnatutuma semina, tukirudi hamtaki kusikia.

Shaaban Robert alikuwa mwajiriwa kama sisi. Aliingia kazini mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, enzi za Mwingereza, na akabaki idara hiyo hadi 1944. Baadaye alihamia idara nyingine za serikali, ikiwamo ofisi ya upimaji ardhi Tanga. Mwandishi tunayemsifu kuliko wote alikuwa mtu wa majalada na mihuri. Kila nikisoma *Kusadikika*, kilichotoka mwaka 1951, nakumbuka kwamba kimeandikwa na mtu aliyeifahamu ofisi kutoka ndani.

Mnakumbuka kisa chake. Karama anashitakiwa kwa kutaka kufundisha watu sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita ambao nchi yenyewe iliwatuma ugenini kutafuta mambo ya kuifaa. Kila mmoja alikwenda, akaona, akarudi na mapendekezo, na kila mmoja aliishia kifungoni.

Siku hizi hakuna anayefungwa. Tunapangiwa warsha Bagamoyo au Arusha, tunalipwa posho, tunapewa begi lenye nembo na cheti cha ushiriki. Jumatatu tunaripoti kazini, tunaandika taarifa ya mafunzo, taarifa inakwenda masjala, inapata namba ya jalada, basi. Ukimkumbusha mkuu wa idara mara ya pili kuhusu kile ulichotumwa ukajifunze, anakuuliza kama huna kazi. Fedha ya mafunzo imetumika, ukaguzi hautakuta dosari. Kilichopotea hakina kifungu kwenye bajeti, kwa hiyo hakuna anayeulizwa.

4. Kumnyima mtu kauli juu ya kazi yake kunamuumiza mwili.

Mtaniambia haya ni manung'uniko. Basi tuzungumze kuhusu moyo, na ninamaanisha moyo wa nyama unaosukuma damu.

Kuanzia mwaka 1985 watafiti wakiongozwa na Profesa Michael Marmot waliwafuatilia watumishi wa umma 10,308 wa London, makarani hadi wakubwa. Wale ambao kazi yao haikuwapa nafasi ya kuamua lolote walipata zaidi maradhi ya moyo kuliko wale waliokuwa na kauli juu ya kazi yao. Hao wote walikuwa watu wa ofisini, wa mji mmoja na mwajiri mmoja, wenye mshahara wa uhakika. Hawakuwa wachimba makaa. Kabla ya hapo, mwaka 1979, Robert Karasek wa Marekani alikwisha kueleza kwamba kazi nyingi peke yake siyo inayoumiza zaidi. Inayoumiza ni kazi nyingi iliyofungwa pamoja na ruhusa ndogo ya kuamua uifanyeje.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu mkubwa wa kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kujiona hufai tena katika unachokifanya. Zitazameni hizo mbili za mwisho. Hazitibiwi kwa likizo wala kwa bonanza la michezo la Jumamosi ambalo, samahani, nusu yetu tunakwenda kwa sababu majina yanaandikwa. Anayejiona hafai atapona akiona alichowaza kimebadilisha kitu. Shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2022 kwamba sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Sehemu yetu ya siku hizo mnaiona kwenye karatasi za mapumziko kutoka hospitali, mnaita utoro.

Kuna pia suala la mapumziko, ambalo ni la sheria kabla ya kuwa la hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Katika ofisi nyingi tunakula juu ya kibodi, wali kushoto, faili kulia, kwa kuwa aliyeonekana ametoka anahesabiwa mtegaji. Wakati wa mapumziko ndio akili inapofanya kazi ambayo haionekani. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa chuo kikuu cha Washington kilichoko St. Louis walieleza mtandao wa sehemu za ubongo unaochangamka hasa pale mtu asipokuwa na kazi maalumu mbele yake; ndio unaohusishwa na kukumbuka yaliyopita na kupiga picha ya yajayo. Dada anayetazama nje ya dirisha baada ya kula huenda ndipo anapolimaliza tatizo lenu la mwezi uliopita. Mwacheni atazame.

5. Mnapima kinachohesabika tu.

Hili nitalipitia haraka, maana kila mtu analijua. Utumishi wa umma ulipima utendaji kwa mfumo wa OPRAS tangu 2004, na sasa kuna PEPMIS. Kampuni binafsi zina viashiria vyao vyenye majina ya Kiingereza. Mimi napimwa kwa idadi ya madai niliyoyafunga. Nikigundua kwamba madai mengi ya bodaboda yanakwama sehemu moja, na nikatumia mchana kutafuta sababu, mchana huo kwenye mfumo ni sifuri. Aliyefunga madai bila kutazama chochote amenizidi alama. Mtu mzima hafundishwi mara mbili.

6. Kazi ya kunakili inaondoka.

Akili mnemba sasa inaandika barua, inafupisha taarifa, inajaza majedwali. Nimeitumia, kwa barua za kawaida inaniokoa muda. Ripoti ya Kongamano la Uchumi Duniani ya mwaka 2023 kuhusu mustakabali wa ajira iliweka kuwaza kwa ubunifu katika nafasi ya pili kati ya stadi ambazo waajiri wanazitaka, na ile ya 2025 ikakuweka katika nafasi ya nne, bado miongoni mwa stadi za juu. Waliojibu maswali ya ripoti zile ni waajiri, yaani wenzenu. Lakini mfanyakazi mliyemzoeza kwa miaka kumi kufuata tu alichofanya aliyemtangulia, mtamgeuza vipi kwa semina ya siku mbili? Mtampunguza kazini, na barua ya kumpunguza itasema hakuendana na mabadiliko. Hapo ndipo hasira yangu ilipo kuliko kwingine kote katika barua hii.

Najua jibu lenu. Kila mtu akiwa anawaza, kazi atafanya nani? Bima, benki, hospitali na mizani ya magari haviendeshwi kwa njozi. Nakubali. Mimi mwenyewe sitaki mwenzangu abuni kiasi cha fidia, wala mfamasia abuni dozi. Taratibu zipo kwa sababu kuna watu waliibiwa na wengine walikufa kabla hazijawekwa. Wala sisemi kila wazo ni zuri. Mengi ni mabovu, yakiwamo yangu. Lakini wazo bovu hujulikana kwa kulipima, na anayelileta akielezwa ubovu wake kwa heshima huleta lingine lililo bora zaidi. Asiyejibiwa haleti la pili. Utaratibu wenyewe mnaoulinda uliwahi kuwa pendekezo la mtu.

Nimesikia pia kwamba hakuna bajeti. Sasa tazameni ninachoomba.

Kwanza, jibu. Pendekezo lolote lililoandikwa, liwe la mkuu wa kitengo au la mlinzi wa getini, lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30: tumelikubali, tutalijaribu mahali fulani kwa muda fulani, au tumelikataa kwa sababu hii. Jina la mwenye ufunguo wa sanduku libandikwe juu ya sanduku lenyewe, na akihama, akabidhi kwa maandishi kama anavyokabidhi gari. Ningeambiwa nichague ombi moja tu kati ya haya yote, ningechagua hili na kuyaacha mengine.

Pili, saa moja ya Ijumaa, mara mbili kwa mwezi, idara ikae kuzungukia tatizo moja tu lililotokea kweli: dai lililochelewa, mteja aliyeondoka, mashine iliyosimama. Pasiwe na slaidi. Wa cheo cha chini aanze kusema, mkuu wa idara awe wa mwisho, maana mkubwa akitangulia wengine wote tunageuka kuwa waitikiaji. Msiogope ukimya wa vikao vya mwanzo. Watu waliozoea kuchekwa huchukua muda.

Tatu, dakika zetu 60. Hili si ombi, ni kuwakumbusha. Mkuu wa idara atoke yeye kwanza, aende akale mbali na meza yake, ili wengine waone inawezekana.

Nne, kwenye fomu ya upimaji ongezeni mstari mmoja unaouliza: mwaka huu ulijaribu kubadilisha nini, na ulijifunza nini? Alama zitolewe hata kama jaribio lilishindikana, mradi limeelezwa kwa ukweli. Mkitoa alama kwa yaliyofanikiwa peke yake mtaletewa mafanikio ya kutungwa, kwa ustadi ambao hamkuutarajia.

Tano, kila anayetumwa mafunzo arudi na jambo moja la kujaribu katika idara yake, na mkuu wake awe amesaini kabla ya safari kwamba atalipatia nafasi. Asiyekuwa tayari kusaini, asitume mtu. Fedha hiyo inunue viti, maana navyo tunavihitaji.

Na kwa wale wenu wenye wahudumu, madereva, walinzi na wasafishaji walioajiriwa kupitia kampuni za nje: msiwaache nje ya haya. Wao ndio wanaokaa na wateja wenu kwenye benchi, getini na kwenye foleni ya lifti. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na haikuandikwa popote kwamba zinaota kwa wenye shahada tu.

Nikitazama dawati langu sasa hivi, madai yanayonisubiri ni mengi, na mengine ni ya watu waliofiwa. Nataka kuyashughulikia vizuri zaidi kuliko mwaka jana, na nina mawazo matatu ya namna ya kufanya hivyo. Nimeyaandika kwa dokezo, nimelipeleka panapohusika. Nasubiri jibu.

La mwisho ni la Mei Mosi. Kila mwaka mnatuletea uwanjani wafanyakazi hodari, wanapanda jukwaani, wanapokea cheti na bahasha, tunawapigia makofi bila kuambiwa walifanya nini zaidi ya kuwahi kazini na kuwa na nidhamu. Mei Mosi ijayo, anayesoma majina asome pia, kwa kila jina, jambo moja ambalo mtu huyo aliliwaza na likabadilisha kazi yake. Idara ambayo haina mtu wa namna hiyo isilete jina. Mkuu wake apande yeye jukwaani, aeleze kwa nini.

Wenu katika kazi,

Mfanyakazi wa dawati la madai,
Dar es Salaam